Spika Nzito Ilikwenda kwa Bi Mkubwa

Vijana niliowaachia kibanda changu karibu na soko la Ujiji wameniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa zamani. Nadhani wanatafuta siri. Siri zenyewe ni chache, na nyingi zimekufa pamoja na redio za kaseti. Ninyi sasa mnatengeneza simu. Mtu anakuletea kitu chembamba kama biskuti, unakipuliza, unabadilisha kioo, anakushukuru anaondoka. Sisi tulikuwa tunafungua redio tunakuta mende wamejenga ukoo mzima mle ndani, babu hadi vitukuu, na mwenye redio anakuapia kwamba ilikuwa inaimba vizuri mpaka jana.

Habari za nilianza na nini na nikamaliza na nini sitaziandika. Nilikula, nikasomesha, macho yakachoka, nikaacha. Yanayofaa kusimuliwa ni mengine.

Mimi ni Muha wa Kasulu. Nilifika Ujiji nikiwa kijana, nikapokelewa na Fundi Kasongo, Mmanyema ambaye babu zake walivuka ziwa zamani sana, na alikuwa akilisimulia jambo hilo kama vile yeye mwenyewe alipiga kasia. Siku ya kwanza nilidhani nitashika chuma cha kulehemu. Alinipa kiti, akawasha redio ya mteja, akaniambia nisikilize. Baada ya muda akaniuliza nimesikia nini. Nikamjibu muziki.

"Muziki hata mbuzi anausikia," akasema. "Nimekuuliza redio inaumwa wapi."

Niliendelea kusikiliza hivyo kwa muda mrefu, mpaka majirani wakadhani mimi ni mgonjwa nimeletwa kutulia. Lakini masikio yalifunguka. Nikajua kutofautisha spika iliyochanika karatasi na spika iliyolegea waya, bila kugusa bisibisi. Alinifundisha pia kutofungua redio ya mtu kabla ya kumsikiliza mwenyewe, kwa sababu, alisema, nusu ya ubovu huwa anao mwenye redio. Nililiona neno hilo kama la mzee anayependa umbea. Na kweli alikuwa anapenda umbea, lakini neno lake lilikuwa la kazi.

Kisha ikaja miaka ya wakimbizi. Maboti yalikuwa yakitua Kagunga na kwingineko ufukweni yakiwa yamejaa watu, kwanza wa Burundi, halafu wa ng'ambo ya Kongo, na wengi walikuwa na redio. Mtu ameacha godoro, ameacha mbuzi, amebeba redio kwenye mfuko wa nailoni. Wakati ule redio zilikuwa zikisoma majina ya watu wanaotafutwa na ndugu zao. Walikuja kibandani wakiwa na ombi moja tu: isiimbe, iseme. Niliwahi kumwona mama mmoja ameinamia redio aliyonipa, jina likasomwa, sauti ikakwaruza hapo hapo, asijue kama ni la mwanawe au la mtoto wa mwingine. Iliniuma sana. Tangu siku ile nikawa na kipimo kimoja cha spika, na hadi leo sijakibadili: tafuta mtu anayesoma, umsikilize. Ngoma hudanganya. Spika mbovu ikipewa ngoma hujikausha ikaonekana nzima.

Sasa niwaambie habari ya spika za kwanza zenye amplifaya tumboni kuingia mtaani kwetu, kwa sababu katika kazi zote nilizofanya hiyo ndiyo iliyonitoa jasho, na waya wake haukuwa mrefu kuliko kamba ya kuanikia nguo.

Mteja alikuwa Mzee Sadiki, mfanyabiashara wa dagaa. Alikuwa na wake wawili katika ua mmoja, nyumba zinatazamana. Bi Mkubwa alikuwa Mama Zaituni, mwenyeji wa Ujiji, mwanamke wa maneno machache, na yote mazito. Bi Mdogo alikuwa Mapendo, aliyekuja na wimbi la ng'ambo pamoja na mama yake. Mama alibaki kambini, Mapendo akaolewa mjini. Siku ya ndoa Mzee Sadiki alisimama mbele ya wazee wa pande zote mbili akaahidi kwamba chochote kitakachoingia nyumba moja kitaingia na ya pili. Na alikuwa mtu wa ahadi. Vitanda alinunua viwili, masufuria mawili mawili, kuku alihesabu kabla ya kuwagawa.

Akaja kibandani siku moja uso unang'aa.

"Fundi, redio nilinunua mbili, zote mbili mbovu. Nimechoka. Nimesikia spika zinakuja mbilimbili tangu kiwandani. Ni kweli?"

"Ni kweli, Mzee."

"Basi Mwenyezi Mungu amenirahisishia. Nanunua mara moja, nagawa mara moja."

Nilicheka nikidhani anatania. Vijana, mteja mwenye wake wawili hatanii.

Mtaa wa Bangwe kulikuwa na Mzungu mmoja wa shirika la misaada aliyekuwa anarudi kwao, ameviweka vitu vyake barazani vinauzwa. Tukaenda. Kulikuwa na spika za aina mbili. Za kwanza zilikuwa ndefu, nyeusi, urefu wa mtoto wa darasa la pili. Mzee Sadiki akaziwekea mkono mara moja kama mtu anayechagua ng'ombe.

"Hizo peke yake ni masanduku, Mzee," nikamwambia. "Hazisemi mpaka uzinunulie amplifaya ya kuzikuzia sauti."

"Na amplifaya inakuja mbilimbili?"

"Inakuja moja."

Akauondoa mkono.

Za pili zilikuwa fupi, rangi ya mbao. Nikazinyanyua, moja mkono huu na nyingine mkono huu. Moja ilikuwa nzito, ya pili nyepesi. Hapo fundi anajua: ile nzito imebeba transfoma na amplifaya yake, ile nyepesi ni spika tupu, inapelekewa sauti kwa waya kutoka kwa mwenzake. Nikaigeuza ile nzito nikatazama mgongoni. Kulikuwa na waya wa umeme, kitufe cha sauti, matundu mekundu na meupe ya kuingizia redio, na swichi ndogo ya kuchagua nguvu ya umeme. Mwenyewe hakuwahi kuzichomeka huku, na swichi ilikuwa bado imewekwa kwa umeme wa kwao, ambao ni nusu ya wa kwetu. Nikaisogeza kwa bisibisi kabla sijachomeka. Lishikeni hilo: kitu kilichotoka mbali usikichomeke ukutani kabla hujakitazama mgongo. Nimeona deki mpya ya mtu ikitoa moshi kabla hata ya kutoa picha.

Nikaziunganisha na redio niliyokuja nayo, nikatafuta kituo chenye msomaji wa habari, nikamwacha Mzee Sadiki barazani, nikaenda mpaka getini kusikiliza. Kila jina lilinifikia likiwa zima. Mzee yeye alitaka ngoma. Nikamwambia ngoma atazipata bure nyumbani. Mzungu akatutazama tunavyosikiliza habari kwa heshima, akadhani kuna vita vingine.

Nilizifunga siku ile ile kwenye baraza ya Bi Mkubwa, nikaziunganisha na redio kaseti yake, ambayo ubovu wake ulikuwa wa spika tu. Zote mbili zikasema. Nikamweleza Mzee Sadiki kwa utaratibu, nikimwonyesha kwa kidole: hii nzito ndiyo yenye kazi, hii nyepesi inaitegemea, msizitenganishe. Alikuwa akitikisa kichwa muda wote. Baadaye nilikuja kujua alikuwa akifikiria jambo lingine kabisa, yaani apeleke nzito wapi na nyepesi wapi bila kuvunja haki. Akaona mkubwa apewe nzito kwa ukubwa wake, mdogo apewe nyepesi kwa udogo wake, na uadilifu umetimia.

Haikupita wiki. Nilikuwa nimeinamia redio ya mtu, nikaona kivuli mlangoni. Ni Mapendo, spika kichwani imefunikwa kanga kama chungu cha maji. Akaishusha mezani kwangu.

"Jambo, fundi. Hii spika iko na ugonjwa. Ile ya mwenzangu inaimbaka toka asubuhi. Hii yangu inanyamazaka tu."

"Umeifungaje?"

"Haina pa kufunga. Waya ya umeme haina. Nimeitafuta mbele, nimeitafuta nyuma. Nimeiweka tu mezani, naiangalia."

Nikamweleza kwamba spika haina ugonjwa, ila sauti yake inatoka kwa mwenzake. Umeme unaingia kwenye ile nzito, sauti inatengenezwa mle, halafu hii inaletewa kwa waya. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Kwa hiyo chakula kinapikwa kwa mwenzangu," akasema, "miye naletewa sahani."

Ndivyo hasa ilivyo. Nimewaeleza wanafunzi wangu amplifaya kwa maneno hayo hayo miaka yote iliyofuata.

"Na sasa hata sahani haikuletwa," akaendelea. "Fundi, miye siko naomba muziki. Bwana alisema mbele ya wazee. Mama yangu alikuwa amekaa pale, alisikia. Ijumaa kuna lori ya kwenda kambini. Kama hii kitu haijasema, napanda. Kule hakuna spika hata moja, basi hakuna mutu wa kunipunja."

Alisema kwa utulivu, na utulivu ule ndio ulionitisha. Mwanamke anayelia bado anajadiliana. Huyu alishahesabu mizigo yake. Nami nilijua maisha ya kule kambini, turubai na foleni, na kwamba alitoka huko kwa shida. Nikabeba spika, nikafunga kibanda.

Mzee Sadiki nilimkuta amekaa katikati ya ua, mahali ambapo si kwa huyu wala si kwa yule.

"Nimegawa sawa," akaniambia kabla sijasalimia. "Moja huku, moja kule. Kuna mtu anaweza kugawa mbili vizuri kuliko hivyo?"

"Mzee, nilikwambia zisitenganishwe."

"Ulisema nzito na nyepesi. Nikafuata nzito na nyepesi."

Akapendekeza tuwe tunazibadilisha: nzito iende kwa Mapendo kwa muda, irudi kwa Bi Mkubwa kwa muda, kama zamu zake mwenyewe zinavyokwenda. Mama Zaituni akatokea mlangoni.

"Shikamoo, mama," nikamwambia.

"Marahaba, fundi. Mwambie mume wangu, spika ikihama na yeye ahame nayo moja kwa moja, nipumzike."

Basi zamu ya spika ikafa hapo. Nikamwambia Mzee Sadiki dawa ni moja, tuvute waya kutoka nyumba hii mpaka ile. Nikaupitisha juu, nikaufunga sambamba na kamba ya nguo, nikaubana vizuri ili watu wakianika kanga usivutike. Waya wa spika hauhitaji ujanja, unahitaji tu uangalie mistari yake, wenye alama uende kwenye alama huku na kule, usije ukageuza. Bi Mkubwa akaweka kaseti ya rumba, nikavuka ua, nikasikia spika ya Mapendo ikiimba. Mapendo akacheka kwa mara ya kwanza. Nilifurahi sana, nakiri. Nikaanza kukusanya vifaa vyangu kama mtu aliyemaliza kazi.

Ndipo Bi Mkubwa akaniita.

"Fundi, hawa waimbaji wangu umewapeleka wapi?"

Nikaingia nikasikiliza. Kweli. Kwake kulikuwa na gitaa tupu, linakwenda tiririri tiririri, na ngoma kwa nyuma. Nikavuka ua. Kwa Mapendo sauti za waimbaji zimejaa nyumba, gitaa hakuna. Fundi yeyote mwenye masikio angejua: rumba zile zilirekodiwa hivyo, mapigo upande mmoja, waimbaji upande wa pili, na sikio la mtu aliyekaa mbele ya spika zote mbili ndilo linalowaunganisha. Mama Zaituni alikuwa amekaa na spika moja tangu Mzee azigawe, akidhani kaseti imefutika maneno, mpaka sasa alipoyasikia yakitoka ng'ambo ya ua. Habari za redio hazikumwonyesha tofauti, kwa sababu msomaji wa habari hutokea pande zote mbili sawasawa.

"Kwa hiyo maneno yote yamekwenda kwa mwenzangu," akasema.

"Na miye nimepewa watu wanaimba bila kucheza," Mapendo akasema kutoka upande wake, maana sasa walikuwa wanasikilizana.

Mzee Sadiki akashika kichwa. "Fundi, hata wimbo nao unagawanyika?"

Dawa yake ipo. Unachukua rizista mbili, vidude vidogo vya kupunguza nguvu ya umeme, unaunganisha upande wa kushoto na wa kulia, kila spika inapata kila kitu. Lakini rizista zenyewe sikuwa nazo. Nikawaambia wanipe siku chache, na kwa sasa anayetaka wimbo mzima asogee katikati ya ua, pande zote zitamfikia. Nililisema hilo kwa kujikosha tu, ili nipate kuondoka. Kabla sijaondoka nilimuuliza Mapendo habari ya lori la Ijumaa. Akasema atasikiliza kwanza.

Ijumaa ikapita, lori likaenda, Mapendo hakupanda. Nilipopata rizista nikarudi na chuma changu cha kulehemu. Nikakuta milango ya nyumba zote mbili iko wazi, spika zimeletwa vizingitini, na katikati ya ua mkeka mmoja. Mama Zaituni amekaa, Mapendo nyuma yake anamsuka nywele. Walikuwa wanasikiliza rumba kwa makini kama watu walio darasani.

"Hapo amesema nini?" Bi Mkubwa anauliza.

"Ni Kilingala. Anasema bwana yake amemudanganya."

"Hata kwenu?"

"Kwetu zaidi."

Nikawaonyesha rizista, nikaeleza kwamba sasa kila mmoja anaweza kukaa ndani kwake akapata wimbo mzima. Walitazamana. Mama Zaituni akaniambia nimeziba hewa, nisogee, na niziache spika kama zilivyo. Hiyo ni mara pekee katika kazi yangu nimekwenda kutengeneza kitu nikaambiwa kikae na ubovu wake. Nilirudi nikipiga mluzi.

Furaha yangu haikudumu. Mzee Sadiki alikuja kibandani amekonda shavu.

"Fundi, kata ule waya. Sema umekatika wenyewe."

"Kuna nini tena? Si wamepatana?"

"Ndiyo shida yenyewe."

Akakaa kwenye kiti cha wateja, akanifungulia moyo, nami nikakumbuka kumsikiliza mwenye redio kwanza. Kumbe kwa miaka yote wake zake walikuwa hawasemeshani, salamu tu, na yeye aliishi humo kwa raha. Alimwambia Bi Mkubwa kwamba chakula cha Mapendo anakionja kwa huruma tu. Akamwambia Mapendo vivyo hivyo kuhusu cha Bi Mkubwa. Na jioni nyingi ambazo kila mmoja alijua mume yuko kwa mwenzake, hakuwa kwa yeyote. Sasa kwenye ule mkeka, kati ya wimbo na wimbo, mambo yote yamewekwa pamoja.

"Jana wameniuliza swali," akasema, sauti imeshuka. "Wote wawili kwa pamoja. Wanasema, tuambie, spika ya tatu iko wapi?"

"Na iko wapi, Mzee?"

"Hakuna spika ya tatu! Nacheza bao pale chini kwa wavuvi. Mtu na wake wawili, fundi, si anatafuta mahali pa kukaa kimya kidogo?"

Nilimwamini, kwa sababu nilishamwona pale mwenyewe, tena akifungwa. Lakini mteja ni mteja. Nikachukua koleo, tukaenda pamoja. Njiani alinihimiza nikate mahali ambapo panya anaweza kusingiziwa.

Wake zake walikuwa mkekani wanachambua dagaa, rumba inacheza. Mama Zaituni aliliona koleo kabla ya kuniona mimi.

"Fundi, Mapendo alikwambia nini siku ile alipokuja kibandani kwako?"

"Alisema spika isiposema, atakwenda kwa mama yake kambini."

"Basi sikiliza, na mume wetu asikilize. Ukikata huo waya tunakwenda wote wawili. Mama yake ameshatuma salamu, anasema nafasi ipo."

"Tutabanana kidogo tu," Mapendo akasema, wala hakuinua macho kutoka kwenye dagaa.

Nikamtazama Mzee Sadiki. Alikuwa ameegemea nguzo ya kamba ya nguo, anautazama waya wangu ulivyopita juu ya kichwa chake kutoka mlango mpaka mlango. Alitazama mkeka, akatazama nyumba ile na ile, na nadhani alikuwa anajaribu kuziona zikiwa kimya. Nikarudisha koleo mfukoni. Wanawake wakaendelea na dagaa zao, na kwa sauti za chini zisizokuwa za chini sana wakaanza habari ya mtu mmoja ambaye huchemshiwa maji ya kuoga nyumba mbili.

Mzee akanisogelea sikioni.

"Basi ongeza sauti kidogo," akaninong'oneza, "nisisikie wanavyonisema."

Nikaongeza.